Ukewenza wa Chambo

Agosti 24, Jumapili

Daftari hili ni la chambo. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika humu vipimo tu: mayai kumi, semolina vikombe vitatu, unga wa samaki kwa kukisia, jemu ya plamu mpaka mkono useme basi. Leo naandika jambo jingine, kwa kuwa nikimwambia mtu yeyote wa mtaa huu atacheka mpaka akae chini.

Nilitaka kufua koti la kuvulia la mume wangu, Lőrinc. Mfukoni nikakuta boili sita ambazo si zangu.

Asiyevua ataona ni jambo dogo. Boili ni kidonge cha unga na mayai, kikubwa kama zabibu. Unakiviringisha, unakichemsha, unakianika kikauke, ili samaki wadogo wasikimege na ponti, yule mnene wa ziwani mwenye midomo ya kufyonza, akimeze kizima. Kila boili ambayo Lőrinc ametupa majini tangu aanze kuvua ponti imetoka katika mikono hii miwili, katika jiko langu la nje. Zangu ni za kahawia na zinanukia plamu na kitunguu saumu. Hizi ni nyekundu kama pua ya mlevi, na nilipozisogeza puani machozi yalinitoka. Mentoli. Mentoli na pilipili.

Wanawake wengine hukuta leso yenye rangi ya mdomo. Mimi nimekuta boili. Nimezipanga zote sita mezani kando ya miwani yake, nikaenda kulisha kuku.

Agosti 25

Lőrinc alichukua miwani yake tu, ikabidi niseme mimi.

"Hizi za nani?"

"Zipi?"

"Hizi zinazoniliza."

"Aa. Za Vilma. Kanipa nijaribu."

"Na zangu zina nini?"

Akakoroga supu yake kama aliyepoteza pete ndani yake. "Zako nzuri, mama. Ila siku hizi zimepoa. Hazina uhai. Mtu akinusa za Vilma, zinampiga."

Zimepoa. Nimepika katika shule ya hapa miaka thelathini na mmoja, watoto mia mbili kila mchana, na hakuna aliyewahi kuniambia chakula changu kimepoa.

Agosti 27

Niandike Vilma ni nani, ili nisije nikasema baadaye kwamba nilimwonea. Ni mjane, ana miaka hamsini na sita, mitano chini yangu. Nyumba yake ni ya mwisho mtaani, pale njia inapopanda tuta la ziwa. Aliuza dawa katika duka la dawa mjini mpaka Aprili alipostaafu. Marehemu mumewe alimwachia fimbo nne za kuvulia, na badala ya kuziuza akajifunza kuvua. Watu wanasema anapima chambo kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Ana shingo nzuri, hilo silikatai. Nimeitazama kanisani mara nyingi kuliko ninavyopaswa.

Agosti 31

Lőrinc amemimina pilipili ya kusaga katika supu yangu ya kuku kabla ya kuonja. Vijiko viwili. Amekuwa akifanya hivyo tangu majira ya baridi, nami nilidhani ni uzee. Leo naona ni kitu kingine. Mtu akishazoea kupigwa nje, vya nyumbani huviona vimepoa.

Septemba 3

Mvua kutwa. Hakwenda ziwani. Alikwenda kwa Vilma kurekebisha bomba la maji. Bomba la Vilma huvuja siku za mvua tu.

Septemba 9

Leo nimepika boili bora kuliko zote nilizowahi kupika. Nimetumia plamu za mti wetu wenyewe, nilizozichemsha tangu alfajiri bila sukari mpaka zikawa nyeusi na nzito. Kitunguu saumu nilikikaanga kwanza. Mayai ya kuku wangu. Nilikanda mpaka unga ukaacha kushika vidole, nikaukamua ukawa kamba ndefu, nikaupitisha kwenye ule ubao wenye mifereji, mbele nyuma, mbele nyuma, na vidonge vikadondoka vyote sawasawa. Nikachemsha kwa chujio, kiasi kidogo kidogo. Ukizidisha dakika moja zinakuwa mawe. Ukipunguza, wale kambale vibete waliojaa ziwani wanazimaliza kabla ponti hajageuza kichwa.

Döme alipita mchana. Ni mwenzake Lőrinc wa kuvua, wanashindana pamoja kila mwaka. Alikuwa tarishi, siku hizi anabeba tumbo lake badala ya barua.

"Nakubusu mkono, shemeji," alisema mlangoni, kisha akasimama akafumba macho. "Mungu wangu. Hizi ni za ponti au za binadamu? Lete mvinyo nizile."

Nikamwita Lőrinc. Nikamwekea moja kiganjani ikiwa bado ya moto. Akainusa. Nilikuwa nikimtazama usoni jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu akisahihisha.

"Nzuri," akasema, akairudisha kwenye trei.

"Nzuri tu?" Döme akashangaa. "Ndugu yangu, una pua au una mpini wa mlango?"

Lőrinc akacheka, lakini alicheka na kutoka nje. Sijapata kumwona akitoka jikoni kwangu bila kuiba kitu cha kutafuna. Nilikaa na trei tatu za boili zinazonukia kama Krismasi, nikalia kwa hasira.

Septemba 10

Zinakauka vizuri. Hajazitazama.

Septemba 14, Jumapili

Nimempelekea chakula ziwani. Kabla sijafika nikaona viti viwili kwenye nyasi, na cha pili hakikuwa na Döme.

Walikuwa wanatazama maji, hawasemi. Wangekuwa wanacheka ningevumilia. Kukaa kimya na mtu ni jambo la watu waliokwisha kusema mengi. Kisha Lőrinc akamwambia, "Wewe, nipe huo mkasi," naye akampa.

Wewe. Kwetu mtu mzima haambiwi wewe hivi hivi. Ni bwana na bibi, na "nyinyi" hata kwa mtu mmoja, hata mkiwa majirani miaka ishirini, mpaka siku mtakayopitishana mikono na kunywa kwa pamoja glasi ya palinka, ile pombe kali ya matunda. Baada ya hapo ndipo mnaitana wewe. Kwa hiyo walikwisha kunywa. Lini? Wapi? Mimi nilikuwa naviringisha nini wakati huo?

"Bibi Etelka," Vilma akasema, akasimama kunipisha. "Karibuni mkae."

"Nimekaa kutwa, bibi Vilma. Kaeni nyinyi."

Nikaiweka sufuria ya kabichi chini. Lőrinc akaifunua na mvuke ukampanda usoni. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuyaelewa, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalifanya. Nikayatafsiri kwa kamusi yangu mwenyewe, nikaondoka.

Septemba 22

Hapati kitu. Siku nane mfululizo anatupa boili za Vilma mahali pale pale ili samaki wazizoee, na amepata ponti wawili wadogo tu. Döme amemwambia arudi kwenye plamu. Akajibu, "Zina nguvu hizi, subiri." Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Septemba 23

Nimefurahi kwamba hapati. Naliandika hilo kwa mkono wangu.

Septemba 29

Vilma amemletea kilo mbili nyingine, kwa ajili ya Kombe la Vuli. Ni mashindano ya jozi, siku tatu, kila mtu wa ziwa letu huwa pale. Lőrinc na Döme wamekuwa wa pili mara nne na hawajawahi kuwa wa kwanza. Sasa watashindana kwa chambo cha Vilma, na mimi nitakaa jukwaani nipige makofi.

Mfuko umeandikwa kwa mwandiko wa duka la dawa: *Kwa L., ziwe kavu.* Upo ndani ya friza yangu, juu ya maharagwe yangu.

Oktoba 4, Jumamosi

Nimefanya jambo.

Lőrinc alipokwenda mjini kununua nyuzi, nilipika kilo mbili za boili zangu, zile zile za plamu, ila nikatia paprika tamu mpaka zikawa nyekundu. Paprika tamu haina ukali. Ni rangi tu. Nimezikausha mbele ya feni. Nikamwaga boili za Vilma kwenye ndoo, nikajaza zangu katika mfuko wake, nikafunga kwa kamba yake ile ile, fundo lile lile.

Mawazo yangu yalikuwa haya. Kwa macho hatatambua. Lakini Ijumaa akifungua mfuko, pua yake itamwambia mara moja: hii ni plamu, hii ni saumu, hii ni nyumbani. Atanitazama. Atajua nimefanya nini, na atajua kwa nini. Tutagombana vizuri, kwa sauti, mpaka kuku wakimbie, na mambo yaishe. Ndivyo tulivyomaliza mambo yetu yote kwa miaka thelathini na minane.

Za Vilma nimewapa kuku. Wamezikataa. Kuku wangu wana akili kuliko mume wangu.

Oktoba 10, Ijumaa

Amefungua mfuko asubuhi, hapa hapa mezani, mbele yangu. Döme alikuwa nje anapakia gari, pua imezibwa na mafua.

Harufu ilitoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, na niliisikia: plamu iliyoiva, saumu, mayai. Lőrinc akainamisha uso wake wote ndani ya mfuko. Akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Nikangoja.

"Aaa," akasema. "Vilma huyu. Hii ndiyo harufu yenyewe."

Moyo wangu uliwaka hata nikashika ukingo wa meza. Mwanamke huyu amemroga kiasi gani? Ananusa mkono wangu na kumsikia yeye. Nimemtilia miaka yote ya ndoa yetu puani, na anaita jina la Vilma.

Nilimwambia, "Nenda, utachelewa." Alinibusu kipajini. Nilijifuta.

Oktoba 12, Jumapili

Nitaandika kwa utaratibu.

Ijumaa hawakupata kitu. Jana ponti watatu. Leo saa tatu asubuhi, zikibaki saa tatu tu filimbi ya mwisho ipigwe, fimbo ya Lőrinc ilipinda. Mimi nilikuwa nimefika tu na sufuria ya mchuzi wa samaki. Alipigana na samaki dakika arobaini. Döme aliingia majini mpaka kifuani na wavu, akianguka na kuinuka. Alipotoka alikuwa amekumbatia samaki kama mtu aliyeokoa mtoto. Kilo ishirini na mbili na gramu mia nne. Boili nyekundu ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi wake kando ya ndoana, mdomoni.

Boili yangu.

Walimlaza kwenye mkeka, wakampima, wakampiga picha, wakamrudisha majini. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kupanda juu ya meza ya waamuzi. Lakini ningesema nini? Kwamba nimemwibia mume wangu chambo chake? Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia changu nikiwa nimevaa nguo za kanisani.

Wamekuwa wa kwanza. Wakampa Lőrinc kipaza sauti. Mtu huyu hawezi hata kuomba chumvi mbele ya wageni, lakini leo aliongea.

"Nawashukuru wote," akasema. "Na zaidi namshukuru Vilma. Boili ni zake. Bila yeye mwaka huu ningeweka fimbo chini."

Watu wakapiga makofi. Vilma alikuwa amesimama karibu na ndoo ya chambo. Niliona anainama, anachukua boili moja, anaivunja kwa kucha, anainusa. Akabaki ameinama kwa muda. Kisha akainua kichwa na kunitafuta katikati ya watu, akanipata.

Wakampelekea kipaza sauti. Nikasema moyoni, haya, sasa nimekwisha.

"Ahsanteni," Vilma akasema. "Aliyepika amepika vizuri sana."

Basi. Akarudisha kipaza sauti. Makofi yakaendelea, na kila kofi lilikuwa langu, na hakuna hata moja lililonifikia.

Oktoba 13

Vilma amekuja. Nilikuwa jikoni nje. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie.

"Zile si zangu, bibi Etelka."

"Najua."

"Za plamu. Nzuri mno. Mimi siwezi kupika vile, mimi ni mtu wa kupima."

Sifa yake ilinichoma kuliko tusi. "Mbona hamkusema jana, mbele ya watu?"

"Ningemwaibishaje? Watu wote wajue kwamba mtu hajui plamu na mentoli…" Akawa mwekundu kuanzia ile shingo yake mpaka masikioni.

"Hajui kwa vipi?"

"Mimi niende."

"Bibi Vilma. Hajui kwa vipi?"

"Kumbe hajawaambia," akasema taratibu. "Nilidhani ameshawaambia. Muulizeni mwenyewe. Vya kaunta ya dawa mimi sivitoi nje."

Ameondoka. Nimekaa. Nimeanza kuhesabu vitu nilivyoviona na sikuviona.

Oktoba 14

Sikumwuliza. Nilitaka kujua bila kuambiwa.

Leo asubuhi Lőrinc alikaa na gazeti, mgongo wake ukielekea jiko. Nikaweka maziwa motoni, nikaenda kusimama dirishani. Yakachemka. Yakapanda, yakamwagika, yakaanza kuungua. Hakuna harufu mbaya kuliko maziwa yanayoungua. Inashika mapazia wiki nzima. Moshi ukaenda mpaka darini. Mimi macho yananiwasha. Yeye akafungua ukurasa wa michezo.

Nikazima jiko. Nikakaa mbele yake, nikamshushia gazeti.

"Tangu lini?"

Alitaka kusema tangu lini nini. Kisha akauona moshi. Uso wake ulivunjika kama ukoko wa mkate.

"Februari," akasema. "Ile homa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Si harufu, si ladha. Chumvi naijua. Pilipili naisikia, inaunguza. Vingine vyote ni kadibodi, Etelka. Supu ni maji ya moto. Nyama ni kamba."

"Na boili zangu zimepoa."

Akainamisha kichwa. "Ningesema nini? Unaniwekea mkononi kitu cha moto, unanitazama usoni kama bibi harusi. Sisikii kitu. Ikabidi mmoja wetu awe na kasoro."

"Ukaona niwe mimi."

"Nikaona iwe chambo."

Nikamwambia la boili. Yote: mfuko, paprika, fundo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika, na ilikuwa haki yake.

"Ndiyo maana Ijumaa hazikunichoma puani; nilidhani friza imezipoza, nikaigiza tu. Kwa hiyo yule ponti alikuja kwa plamu zako," akasema. "Basi samaki ana pua. Mimi sina."

Nilimshika mkono. Naapa nilimhurumia, na hata hivyo kinywa changu kilisema kilichokuwa kimejaa ndani: "Ukamwambia Vilma."

"Nilikwenda kutafuta dawa ya matone. Akaniuliza tangu lini. Nilipomjibu nikaanza kulia, pale pale mbele ya kaunta. Akafunga duka."

"Kwa nini si mimi?"

"Wewe ni mpishi," akasema. "Miaka thelathini na minane unanilisha. Ningekuambia kila siku unapika bure?"

Nikasimama nikaenda kusugua sufuria ya maziwa. Lakini naandika hapa ukweli wangu: ningemkuta kitandani mwa Vilma ningejua la kufanya. Amelia mbele yake. Mimi sijamwona akilia tangu mazishi ya mama yake. Miezi minane mwanamke mwingine amejua kwamba mume wangu anatafuna kadibodi mezani kwangu, akanisalimia kanisani, akanipisha kiti.

Oktoba 15

Nimepika viazi. Amekula bila pilipili, kwa adabu. Ilikuwa mbaya zaidi.

Oktoba 19

Nimekwenda kwa Vilma baada ya misa. Sijawahi kuingia nyumbani mwake. Chupa ndogo zimepangwa rafuni kwa alfabeti. Akaniwekea kahawa na keki kavu sana.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini mdomo ukachagua mahali pake.

"Boili zenu hazivui," nikasema. "Siku nane, ponti wawili. Nyinyi ni mtu wa vipimo. Hamkuona?"

"Niliona."

"Mentoli ni kali mno. Samaki anaogopa. Kila mtu anajua."

"Ninajua."

"Basi mnaitia ya nini?"

Vilma aligeuza kikombe chake kwenye kisahani, mara moja, mara mbili.

"Haikuwa ya samaki," akasema. "Mtu asiyesikia harufu bado anausikia ule ubaridi, unapanda puani kama sindano. Si harufu, lakini ni kitu. Mwezi wa nne alikuwa anataka kuziuza fimbo zake. Nikamwekea boili moja mkononi. Akanusa, akaruka, akacheka. Ndiyo hivyo."

Nilitazama keki. Mimi nilipika kilo baada ya kilo ili nimshinde huyu mwanamke kwa midomo ya samaki, na yeye hakuwa kwenye mashindano hayo kabisa.

"Mnampenda," nikasema. Sikuuliza.

"Ndiyo," akasema Vilma, kama anayesoma lebo ya chupa. "Msiogope. Yeye hajui, na hataki kujua. Mnataka niwaambie tunazungumza nini pale ziwani? Anahadithia chakula chenu. Jinsi jiko lenu lilivyokuwa likinukia mwezi wa kumi, plamu zikichemka. Bata wa sikukuu ya Mtakatifu Martini, na ngozi yake. Vitunguu mnavyoanza navyo kila kitu. Miezi minane nimesikiliza, bibi Etelka. Mimi niliyekaa naye ningeweza kupika chakula chenu chote kwa kusikia tu." Akanywa kahawa yake iliyopoa. "Na mnakuja hapa mnadhani nyinyi ndiye mwenye wivu."

Nilikula keki yote. Ilikuwa mbaya, na niliimaliza.

Mlangoni nilimwuliza: "Mnatia kiasi gani?"

"Mentoli? Matone matatu kwa kilo. Zaidi ya hapo ponti hasogei hata mita tano." Akanitia kichupa mkononi.

Oktoba 20

Nimepika leo. Lőrinc alikuja kusimama mlangoni, hakujua kama anaruhusiwa. Nikampa ubao aviringishe. Alikuwa ananiuliza na mimi namwambia: sasa plamu zimeshika chini kidogo, zinanukia kama moshi na asali, sasa nimetia saumu, imeifunika plamu, subiri, inarudi. Alisikiliza kwa kinywa wazi. Baada ya muda akaanza kunisahihisha. "Hapana, saumu ikikaangwa inakuwa tamu, nakumbuka." Tukagombana vizuri.

Nilipomwekea boili ya moto mkononi, akainusa. Akaruka nyuma, macho yakamjaa machozi, akapiga chafya mpaka kofia ikadondoka. Alicheka, na sikuwa nimesikia cheko hilo tangu Februari.

"Mama, umeziharibu," akasema akijifuta. "Hakuna samaki atakayezigusa hizi."

Nikamwambia najua.

Naandika vipimo, nisisahau. Mayai kumi. Semolina vikombe vitatu. Unga wa samaki kwa kukisia. Jemu ya plamu mpaka mkono useme basi. Saumu iliyokaangwa, kijiko. Mentoli: Vilma hutia matone matatu. Mimi nimetia manne.